Gitare Yenye Sauti Nyembamba: Historia ya Mikro na Namna ya Kuichagua

Tukitaja neno "desturi" katika milima yetu ya Masisi na Walikale, watu wengi wanawaza mara moja ngoma, likembe, nyimbo za harusi na hadithi za jioni karibu na moto. Gitare hawaitaji. Wanaihesabu bado kama kitu cha wageni, kitu cha mujini, kitu cha vijana. Lakini tukihesabu miaka vizuri, gitare ya umeme ina zaidi ya miaka 70 ndani ya Kongo. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoingia leo ni babu mwenye wajukuu. Kitu ambacho babu, baba na mtoto wamekicheza kwa zamu, kikaimba arusi zao na matanga yao, kimekwisha kuwa desturi, tupende tusipende.

Njo maana katika insha hii tunataka kuizungumzia gitare, na hasa kipande chake kimoja kidogo ambacho watu hawakiangalii: mikro. Hatusemi ile mikro ya kuimbia. Tunasema ile iliyofungwa chini ya nyuzi, ambayo wapiga gitare wa kwetu wanaiita kwa jina hilohilo la Kifaransa. Shida inayotuleta hapa inajulikana na kila kwaya ya Kibabi na ya vijiji vya jirani: gitare imenunuliwa, imeletwa kwa shida juu ya pikipiki, inachomekwa siku ya yenga, na sauti inatoka nyembamba, kavu, haina tumbo. Kisha mtu anasema: "Tubadilishe mikro, tuweke ile yenye nguvu." Feza inachangwa tena. Mara nyingine sauti inapona, mara nyingine inazidi kuharibika. Kujua ni kwa nini kunahitaji historia kidogo na ufundi kidogo.

Gitare ilivyofika kwetu

Gitare ya kwanza kupendwa katika mashariki na kusini ya Kongo ilikuwa ile kavu, isiyo na umeme. Ilisafiri na wafanyakazi wa migodi na wa reli. Katika Katanga, kazi ya shaba iliwakusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa luga yao ya kuelewana. Hapo njo alipotoka Mwenda Jean Bosco, mwana wa Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya miziki, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi. Kipande chake "Masanga" kilisikiwa mbali sana na Kongo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini masikio yalisikia kama watu wawili: mmoja anashika besi, mwingine anazungumza juu. Gitare yake haikuhitaji mikro. Mbao zake zilikuwa tumbo lake.

Kwetu wazee walikuwa wamekwisha kujua jambo hilo kabla ya gitare. Likembe inafungwa juu ya sanduku au kibuyu ili ipate tumbo. Na kwa Wanyanga wa Walikale, mwaka 1956, Candi Rureke alipoimba habari za Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck aliyekuwa anaziandika, alishika kayamba ya kibuyu mkononi, na vijana waligonga ubao pembeni kushika mwendo. Sauti ya mtu mmoja haikuachwa peke yake. Kila chombo kilikuwa na nafasi yake, na hakuna kilichofunika maneno. Hilo tuliweke akilini, tutalirudilia.

Gitare ya umeme ilishuka Léopoldville. Mtu anayetajwa sana katika habari hiyo ni Bill Alexandre, Mbelgiji mpiga gitare, aliyefika huko mwaka 1953 kuongoza studio ya CEFA. Vijana wa mji walimwangalia, wakajifunza haraka, kisha wakampita. Nico Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, alifanya gitare iimbe kama mtu katika African Jazz. Ndugu yake Déchaud alimshikia ile ya kusindikiza. François Luambo Makiadi, yaani Franco, pamoja na wenzake wa OK Jazz iliyozaliwa mwaka 1956, alichukua njia nyingine, ya kurudilia neno moja mpaka watu wote wainuke kucheza. Mwaka 1960, African Jazz walipofuata wanasiasa wetu Bruxelles kwenye Meza ya Mviringo, "Indépendance Cha Cha" ilitoka katika gitare hizo za umeme. Redio ilizifikisha kila mahali, hata katika milima ambako hakuna aliyekuwa ameona gitare ya namna ile kwa macho.

Halafu mwaka 1969 Zaiko Langa Langa walitokea Kinshasa, wakaacha tarumbeta, wakaweka gitare mbele kabisa. Tangu hapo sebene imekuwa kazi ya gitare tatu au nne zinazosemezana: solo, misolo, ya kusindikiza na besi. Kwaya za makanisa ziliichukua sebene hiyo na kuipa maneno yao. Ndivyo ilivyotufikia: kwanza kwa redio na kanda, kisha kwa kanisa. Leo kijana wa Kibabi anayejifunza gitare, karibu kila mara, anajifunza ndani ya kwaya.

Mikro ni nini

Mikro ya gitare ni kitu rahisi. Ni sumaku, na juu yake waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Waya huo ni mwembamba karibu kama unywele, kama milimetre 0.06. Uzi wa chuma wa gitare ukitetemeka juu ya sumaku, unazaa umeme mdogo sana ndani ya waya. Umeme huo unapita kwenye kamba mpaka kwenye ampli, ampli inaukuza, bafle inaurudisha kuwa sauti. Kwa hiyo gitare ya umeme haisikii mbao moja kwa moja kama ile kavu. Inasikia uzi, kwa sikio la sumaku. Sikio likiwa baya, hata mbao nzuri inasingiziwa.

Mikro ya kwanza ya namna hiyo iliyouzwa ni ya George Beauchamp, Marekani, kwenye miaka ya 1931 na 1932, juu ya gitare za Rickenbacker. Wengine walifuata, na kwenye mwanzo wa miaka ya 1950 Leo Fender aliziuza Telecaster na, mwaka 1954, Stratocaster, zote zikiwa na mikro za bobini moja. Sauti ya bobini moja ni safi, inang'aa, inakata kama kisu. Lakini ina ugonjwa mmoja: inavuma. Waya uliozungushwa hauchagui. Unashika uzi wa gitare, na unashika pia kelele ya umeme iliyo hewani: ya waya za nyumba, ya taa za neo, ya transfoma. Hapa kwetu, ambako vijiji vingi vinawashwa kwa groupe au kwa panneau solaire na konvertisa, mvumo huo tunaujua. Mwimbaji ananyamaza, mhubiri anafungua kitabu, na gitare inaendelea kulia "mmmm" pembeni.

Lazima tuseme hapa kwamba mvumo huo siyo ule wa wazee. Wenye likembe wanaweka kwa makusudi vipete vya chuma ili itetemeke na kulia, na ule mlio unafuata mkono wa mchezaji. Akinyamaza, nao unanyamaza. Mvumo wa groupe haufuati mtu. Unafuata mashine.

Hambaka ilivyozaliwa

Dawa ya mvumo ilitoka kwa Seth Lover, fundi wa umeme wa kampuni ya Gibson. Mwaka 1955 aliomba hati ya uvumbuzi. Akapewa mwaka 1959. Gitare za kwanza zenye mikro yake zilikwisha kuuzwa mwaka 1957, na katika ile miaka ya kungoja hati, mikro zilibandikwa kikaratasi kinachosema tu kwamba hati imeombwa. Leo zile za kikaratasi zinatafutwa duniani kama dhahabu. Karibu wakati uleule Ray Butts alifikia wazo hilohilo kwa ajili ya gitare za Gretsch. Mikro ya namna hiyo inaitwa hambaka, maana yake kwa ufupi "inayopinga mvumo". Wenye kusema Kifaransa wanaiita ya bobini mbili.

Wazo lenyewe ni hili. Chukua bobini mbili, uziweke bega kwa bega. Moja iangalie kaskazini ya sumaku, nyingine iangalie kusini, na waya zake ziunganishwe kinyume. Kelele ya hewani inaingia katika zote mbili, lakini moja inaitoa mbele na nyingine inaitoa nyuma. Ni kama mtu anayedai 10 na mtu anayedaiwa 10: ukiwakutanisha, hesabu inakuwa sifuri. Uzi wa gitare, kwa sababu sumaku nazo zimegeuzana, unatoka katika bobini zote mbili ukielekea upande mmoja, na hesabu yake inajumlishwa. Kelele inakufa, uzi unapata nguvu.

Kisha kuna faida ambayo Lover hakuitafuta kwanza. Bobini mbili zikifuatana zinapunguza kidogo ule ukali wa juu, na sauti inanenepa. Njo maana, mtu mwenye gitare nyembamba akiuliza dawa, wengi wanamjibu: weka hambaka.

Biashara ya kuuza mikro za kubadilisha ilikuja baadaye. Larry DiMarzio alianza kwenye mwaka 1972 na mikro yake ya Super Distortion, yenye sumaku ya keramiki na waya mwingi. Seymour Duncan akafungua kampuni yake mwaka 1976. Kabla ya hao, gitare ilibaki na mikro iliyozaliwa nayo, isipokuwa kwa fundi mwenye mkono wa pekee. Baada yao, watu walianza kuzungumza juu ya mikro kama tunavyozungumza juu ya mbegu za viazi: hii inazaa hivi, ile inazaa vile.

Udongo wetu ndani ya gitare

Sasa tufike kwa jambo ambalo wasomaji wengi wa kwetu hawajaambiwa. Ukifungua hambaka, utakuta mambo manne: shaba ya waya, sumaku, chuma, na ule uzi wa kulehemu unaoshika viungo. Karibu vyote vinagusa Kongo.

Shaba, kila mtu anajua. Union Minière ya Haut-Katanga ilianza mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967 na kuwa ile tunayoiita Gécamines. Uzi wa kulehemu wa zamani una sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Tunasema bati lenyewe, étain, siyo mabati ya nyumba. Linatoka katika kasiterite, jiwe ambalo wachimbaji wa Masisi na Walikale wanalijua kwa uzito mkononi. Bisie, katika Walikale, ilijaa wachimbaji wa mkono mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2019 kuna mgodi wa kiwanda unaotoa bati huko. Hatuwezi kusema kwamba waya huu au kiungo kile kimetoka shimo fulani. Madini yanachanganywa kabla ya kuuzwa. Lakini jamaa ni ileile.

Sumaku ndiyo yenye habari kubwa. Mikro nyingi zinazosifiwa zina sumaku ya alniko. Jina hilo limeshonwa na majina ya madini: alminyumu, nikeli na kobalti, vikichanganywa na chuma na shaba kidogo. Mzizi wake ni chuma cha sumaku ambacho Mjapani Mishima alikivumbua mwaka 1931. Katika alniko ya namba 5, kobalti inafika karibu asilimia 24. Katika namba 2, karibu nusu ya hiyo. Na kobalti ya dunia, zamani na leo, inatoka kwa wingi Kongo. Leo zaidi ya theluthi mbili inachimbwa kwetu.

Mwezi wa tano 1978, vita viliingia Kolwezi, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule. Kazi ya migodi ilisimama, wafanyakazi walikimbia, wengi waliuawa. Bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa katika muda mfupi. Viwanda vya bafle huko Marekani na Ulaya, vilivyokuwa vinatumia alniko nyingi, vilitafuta njia ya kutoka. Vingi vikahamia sumaku ya keramiki, isiyo na kobalti kabisa. Bafle za baada ya hapo hazikuwa tena zile za kabla yake. Kwa mikro za gitare haikuwa hivyo moja kwa moja, kwani keramiki ilikuwa imekwisha kuingia kwa sababu ya nguvu yake, na mikro inatumia sumaku ndogo tu. Lakini tangu wakati ule keramiki ikawa sumaku ya bei ndogo kila mahali, na gitare za bei ndogo tunazoletewa sokoni zimejaa keramiki. Kilio cha Kolwezi kilibadilisha vyombo vya muziki vya watu ambao hawakusikia hata jina la Kolwezi.

Tunaandika hayo kwa sababu watu wa Kibabi wanajua maana ya kuishi juu ya madini. Koltani inashuka mlimani ndani ya mifuko, na inarudi kama simu yenye bei ya ng'ombe. Gitare nayo inarudi hivyo. Tusifikiri basi kwamba chombo hiki ni cha wageni tupu.

Mafundi wetu hawakungoja

Kuna watu wa kwetu waliotengeneza mikro kwa mikono yao. Mingiedi Mawangu, mpiga likembe wa asili ya Bakongo, aliishi Kinshasa na kuongoza kundi la Konono N°1, lililoanza kwenye miaka ya 1960. Katika kelele za mji likembe haikusikika. Basi alichukua sumaku za vipande vya motokari vya zamani, akazungusha waya wa shaba, akazifunga kwenye likembe. Sauti ilitoka imekwaruzika, nzito, yenye mlio ambao haukuwa mbali na ule wa vipete vya wazee. Mwaka 2004 sahani yao "Congotronics" ilitoka Ubelgiji, na dunia ikashangaa. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Mingiedi hakutafuta sauti ya Gibson. Alijiuliza: watu wangu wanataka kusikia nini, na wako wapi wanaposikiliza? Ulizo hilo njo la kwanza hata kwa kijana wa kwaya anayetaka kubadilisha mikro.

Kabla ya kutoa feza

Tumeona gitare nyingi zinazosemwa kuwa nyembamba, na mara nyingi kosa halikuwa kwenye mikro. Kwa hiyo tunashauri mtu apite njia hii pole pole.

Kwanza, aangalie gitare inachomekwa wapi. Katika kwaya nyingi gitare inachomekwa moja kwa moja katika meza ya mikse, kwenye tundu lililotengenezwa kwa mikro ya mwimbaji. Hapo gitare inakosa pumzi. Mikro ya gitare inataka mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Milango mingi ya meza ina elfu chache au elfu kumi hivi tu, na inaibana sauti. Hata ukiweka hambaka ya bei gani, itabanwa vilevile. Dawa ni ampli ya gitare, au kisanduku cha kati, au mlango wa meza ulioandikwa kuwa ni wa gitare.

Pili, aangalie nyuzi. Nyuzi nyembamba sana, za 0.008 au 0.009, au zilizokula kutu, haziwezi kutoa sauti nene. Kupanda mpaka 0.010 ni bei ndogo kuliko mikro yoyote.

Tatu, aangalie urefu wa mikro kutoka kwa nyuzi. Ukibonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho, nafasi ya karibu milimetre 2 kwa mikro ya daraja, na 2.5 au 3 kwa ile ya shingo, ni mwanzo mzuri. Mikro iliyozama chini inatoa sauti dhaifu. Iliyopanda mno inavuta uzi kwa sumaku na kuuharibu mlio.

Nne, na hili wengi hawalijui: kama kila mikro peke yake inasikika vizuri, lakini mbili pamoja zinatoa sauti ya puani, isiyo na besi, basi mikro si mbovu. Waya zimeunganishwa kinyume, na zinafutana kama ile hesabu ya deni tuliyoisema. Fundi anageuza waya za mikro moja, na ugonjwa umepona kwa dakika kumi. Ila kama mikro ina kifuniko cha chuma na waya mmoja tu uliovikwa chuma, asigeuze ovyo, kwani mvumo utarudi.

Tano, apime kwa multimetre. Hambaka ya kawaida inaonyesha kilo-omu 7 mpaka 9. Ikionyesha nusu ya hapo, huenda bobini moja imekufa au imezimwa na kifungo. Isipoonyesha kitu, waya umekatika. Sasa hapo kuna sababu ya kununua.

Kuchagua

Tuseme mambo yote hayo yameangaliwa, na sauti imebaki nyembamba. Tununue nini?

Vijana wengi wanauliza tu: "Ipi iko na nguvu?" Wauzaji nao wanawajibu kwa namba ya omu: hii 8, hii 16, chukua 16. Hapo njo watu wanapopotea. Namba ya omu inasema urefu na wembamba wa waya. Haisemi nguvu yote, wala haisemi uzuri. Waya ukizidi, sauti za juu zinafunikwa. Mikro ya kilo-omu 16 ilifikiriwa kwa watu wanaotaka ampli ilie kama radi. Iweke katika sebene, na zile noti ndogo ndogo zinazokimbizana zinakuwa uji. Solo inafunika misolo, misolo inamfunika mwimbaji, na mama aliyeketi nyuma hasikii tena neno la wimbo. Tulisema juu ya yule msimulizi wa Walikale: kayamba haikufunika maneno ya Mwindo. Kanuni ni ileile.

Kwa kazi za kwetu, yaani kwaya, sebene na nyimbo za arusi, tunaona njia ya katikati ni bora. Kwenye daraja, hambaka ya alniko namba 5 yenye kilo-omu 8 au 9: inatoa besi iliyoshikamana na bado noti zinatengana. Kwenye shingo, ya alniko namba 2 au 5 yenye 7 au 7.5: namba 2 ni laini zaidi, yafaa kwa kusindikiza pole pole. Keramiki siyo mbaya kwa asili yake. Iko na nguvu na inang'aa. Lakini gitare ambayo tayari ni kavu na kali, ukiipa keramiki, mara nyingi unaongeza kisu juu ya kisu.

Angalia pia vipimo. Nafasi ya nyuzi kwenye daraja inatofautiana: gitare zingine zinataka mikro yenye vichwa vinavyoenea milimetre 50 hivi, zingine 52 au 53. Usipopima, uzi wa kwanza au wa sita utakaa nje ya sumaku, na utasikika mnyonge. Kama gitare ina matundu madogo ya bobini moja, usichonge mbao kwa kisu. Kuna hambaka nyembamba zilizotengenezwa kuingia tundu hilo. Ukipata yenye waya nne, nunua hiyo, kwani itakuruhusu kuzima bobini moja siku unapotaka sauti ya kukata. Lakini shika karatasi yake: rangi za waya hazifanani kutoka kiwanda hadi kiwanda, na kukisia njo kunakoleta ile sauti ya puani.

Mwisho, vifungo vya kuzungusha. Hambaka huwekewa vya kilo-omu 500, bobini moja 250. Gitare ambayo bado inakwaruza masikio ikiwa na 500, jaribu 250 au 300. Ukali unashuka na sauti inaonekana kunenepa. Ni kipande kidogo cha bei ndogo, na fundi yeyote anayelehemu redio anaweza kukibadilisha.

Kitu cha kulinda

Vita vya miaka hii, tangu 2022, vimetawanya familia nyingi za Masisi. Kwaya zimevunjika, vyombo vimebaki nyuma au vimepotea. Mtu anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, habebi ampli. Lakini ujuzi unabebwa bila mzigo. Yule anayejua kwa nini gitare inavuma, kwa nini inakonda, na namna ya kuiponya kwa multimetre na kipande cha waya, atakuwa fundi popote atakapofika. Ndiyo sababu tunaomba viongozi wa kwaya na walimu wa shule waandike ujuzi huu katika daftari, wachore waya za gitare zao, na wawafundishe wadogo kulehemu sawasawa na wanavyowafundisha kuimba.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nguvu peke yake siyo sauti. Gitare ya kwetu imefika mbali kwa sababu ilijifunza kuzungumza kati ya wengine bila kuwafunika: gumba la Mwenda, solo ya Nico, sebene ya kwaya zetu. Tukichagua mikro, tuchague ile itakayoiacha iendelee kuzungumza hivyo.